Mshahara wa yaya hutoka kwenye mshahara wa mama

Mjadala wa kima cha chini cha mshahara ukifufuka Uganda, wenye vituo vya kulelea watoto ninaowapigia hesabu hapa Kampala huniuliza swali moja tu: ada ipande kiasi gani? Wabunge na wenye viwanda wanabishana kuhusu wawekezaji. Kwenye madaftari yangu mna kodi ya nyumba, uji, makaa, sabuni na mishahara ya walezi, na hiyo mishahara ndiyo inayomeza fungu kubwa.

Kisheria, kima tulicho nacho ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kilichowekwa 1984. Tena hizo zilikuwa shilingi za zamani. Fedha ilipobadilishwa 1987, shilingi 100 za zamani ziligeuka 1 mpya, kwa hiyo ukishika hesabu kikweli unapata shilingi 60. Hata pipi hupati. Februari 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kupanga kima kwa kila sekta, lakini Rais Museveni akakataa kuutia saini. Ndiyo maana mshahara wa mlezi bado unapatanwa mlangoni, kama bei ya ndizi.

Tuseme basi sheria mpya imekuja, na mlezi anatakiwa kuongezewa 60,000 kwa mwezi. Mwenye kituo anatoa zaidi ya hapo, kwa sababu mwajiri huchangia NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, kwa hiyo zinamtoka 66,000. Mlezi naye hukatwa asilimia 5, anaondoka na 57,000. Pesa hizo 66,000 zinatoka wapi? Kwa wazazi. Mlezi mwenye watoto 10 wa miaka minne, kila mzazi anaongeza 6,600. Inauma kidogo, inalipika.

Kwa wachanga mambo yanageuka. Mtoto wa miezi mitatu hashiki kikombe, analia kwa zamu yake na ya mwenzake, na mlezi mmoja akipewa watatu ameshajaa. Hapo nyongeza ni 22,000 kwa kila mtoto. Na huo ndio umri ambao mama analazimika kurudi kazini: Sheria ya Ajira ya 2006 inampa siku 60 za kazi za likizo ya uzazi, yaani chini ya miezi mitatu. Baba anapewa siku 4, sijui za kufanya nini.

Mwenye yaya nyumbani ndiye anayebeba mzigo wote, maana hana mzazi mwenzake wa kugawana naye. Tena mfikirie karani anayelipwa 400,000. Kima kikipanda mpaka 136,000, kiasi kilichopendekezwa 2017, yeye tayari yuko juu yake, kwa hiyo kwenye bahasha yake haiongezeki hata senti. Yaya wake ndiye anayepanda. Sheria inayomtendea haki mwanamke mmoja inamtoza mwanamke mwingine, na mwajiri wa yule wa pili hachangii chochote.

Nasema hivi nikiwa naunga mkono kima cha chini. Yaya anayelala jikoni na kuamka saa kumi na moja kuchemsha maziwa hawezi kugeuzwa kuwa ruzuku ya ajira za wengine. Ninachohofia ni njia ya mkato: badala ya kumwongeza yaya, watu wataagiza mpwa kutoka kijijini, binti wa miaka kumi na mitatu anayeahidiwa shule na kukabidhiwa mtoto mgongoni. Mkaguzi wa kazi haingii sebuleni kwa mtu, na binti huyo haonekani kwenye orodha ya mishahara ya mtu yeyote.

Kwa hiyo kima kikipandishwa, pesa ya umma lazima iingie kwenye malezi, na ianzie kwa wachanga. Elimu ya bure ya msingi, tuliyo nayo tangu 1997, inamsubiri mtoto afike miaka sita. Kabla ya hapo mzazi anajitegemea. Masoko kama Owino na Nakawa yamejaa akina mama wanaouza huku watoto wamelala chini ya meza. Chumba kimoja hapo sokoni, walezi wakilipwa kutokana na ushuru ambao akina mama hao tayari wanautoa, kingewafaa mapema kuliko ruzuku yoyote ya kupitia makaratasi.

Kwa wenye vituo, ushauri wangu ni mfupi: acheni ada moja kwa watoto wote. Tengeni ya wachanga na ya wakubwa, na mzazi aambiwe muhula mmoja kabla.