Je, wajua? Kwa nini meli ya mbao iliyozama hubakiza tumbo tu

Chini ya kuta za Fort Jesus, Mombasa, imelala meli ya Wareno iitwayo Santo António de Tanná. Ilizama Oktoba 1697, ilipokuja kuinusuru ngome iliyokuwa imezingirwa na Waarabu wa Oman tangu Machi 1696. Kwa miaka mingi niliamini kwamba mzamiaji akishuka pale ataikuta meli nzima imekaa juu ya mchanga, milingoti imesimama, samaki wanapita kwenye matundu ya mizinga. Nilipoambiwa kwamba kilichobaki ni sehemu ya chini tu, nilijipa jibu la haraka: maji yameozesha sehemu nyingine. Nilikosea mara mbili, na kosa la pili ndilo lililonichukua muda mrefu kuliacha.

Maji hayaozeshi mbao. Mbao huliwa, na walaji wake ni viumbe hai: kuvu, bakteria, na baharini zaidi ya wote ni mnyama mwembamba, laini, ambaye watu humwita mnyoo ingawa ni jamaa wa chaza na kome. Walaji hawa karibu wote wanahitaji oksijeni. Tazama nguzo ya uzio iliyochimbiwa kwenye udongo wenye majimaji. Ikikatika, hukatika usawa wa ardhi, pale unyevu na hewa vinapokutana. Kipande kilichokuwa chini kabisa, kilichoshinda ndani ya maji mwaka mzima, mara nyingi hung'olewa kikiwa bado kigumu. Kama maji ndiyo yangekuwa adui, kipande hicho kingekuwa cha kwanza kwenda.

Kilichonipotosha ni picha za Vasa, meli ya kivita ya Sweden iliyozama bandarini Stockholm mwaka 1628 na kuinuliwa mwaka 1961 karibu nzima. Lakini Vasa si mfano wa kawaida. Maji ya bahari ile yana chumvi kidogo mno kwa yule mnyama mtoboaji wa mbao kuishi, ndiyo maana hata sehemu zake zisizofukiwa zilisalimika. Bahari ya Hindi, yenye joto na chumvi, ni nyumbani kwake. Mafundi wa majahazi wa pwani yetu walimjua vizuri: deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na shahamu unaopakwa sehemu ya chombo inayokaa majini, ni kinga dhidi yake.

Mnyama huyo anaingia kwenye ubao akiwa mdogo, kwa tundu la ukubwa wa ncha ya sindano. Akishaingia, anakereza mbao kwa magamba mawili madogo yaliyo kichwani, huku akirefuka na kupaka kuta za njia yake chokaa nyeupe. Ubao unaweza kuonekana mzima kwa nje, ukiushika unavunjika kama sega la nyuki. Ila ana udhaifu mmoja mkubwa. Mkia wake hubaki pale pale kwenye tundu aliloingilia, na ni kwa hapo tu anavuta maji yenye oksijeni. Ni kama mtu aliyejifungia chumbani anayevuta pumzi kwenye tundu la ufunguo. Matope yakiziba tundu hilo, anaweza kujifunga kwa muda, kisha anakufa ndani ya handaki lake.

Kwa hiyo swali la kweli ni hili: sehemu gani ya meli hufukiwa kabla ya kuliwa? Hapo ndipo tumbo linaposhinda. Chini kabisa, juu ya mkuku (uti wa mgongo wa meli) na mataruma (mbavu zake), kulikuwa na farumi, yaani mawe ya kuizuia meli isiyumbe, na juu yake shehena na mizinga. Uzito wote huo hukandamiza mbao za chini kwenye matope. Sitaha, yaani sakafu ya juu, ikianza kutafunwa, vitu vyake huangukia humo humo na kuongeza kifuniko, na mchanga unaosukumwa na mikondo humalizia kazi.

Nadhani mchoma mkaa angelielewa jambo hili upesi kuliko mtu yeyote. Yeye hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, kisha hulinda tanuri usiku na mchana. Moto upo, kuni zipo, lakini moto umenyimwa hewa, na kuni haziteketei. Udongo ukipasuka mahali, asubuhi atakuta pale pana majivu. Taruma lililochomoza juu ya matope ndilo ule mpasuko. Ndiyo maana mabaki ya meli nyingi huishia kwa mstari uliotafunika, pale pale matope yalipokutana na maji. Meli ikilala kwa ubavu, ubavu huo ndio unaobaki: Mary Rose ya Uingereza, iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa mwaka 1982, ni kama nusu ya meli iliyopasuliwa kwa urefu.

Tumbo hilo lina habari nyingi kuliko dhahabu yoyote. Taruma la meli kubwa si mti mmoja. Ni kipande cha chini kinachokatiza juu ya mkuku, kikaongezwa mikono miwili inayopanda ubavuni. Tuseme mpimaji amekuta vipande hivyo vimepigiliwa misumari ya ubavuni, na taruma la jirani liko umbali wa kiganja tu. Nyundo isingepata nafasi ya kupita hapo. Basi taruma lile liliungwa chini, kiwanjani, kabla jirani yake hajasimamishwa. Kwa misumari kadhaa iliyoshika kutu tumejua utaratibu wa kazi ya mafundi ambao hawakuandika neno.

Huko Belitung, Indonesia, mwaka 1998 iligunduliwa meli ya karne ya 9 iliyobeba vyombo vya udongo vya China vipatavyo 60,000. Kwa shehena peke yake ingeitwa meli ya Kichina. Lakini mbao zake zilikuwa zimeshonwa kwa kamba, kama mtepe wa pwani yetu, na hilo likaipeleka kwenye ufundi wa magharibi ya Bahari ya Hindi.

Tahadhari moja ni ya lazima. Kwa kuwa matumbo ndiyo yanayosalimika, tunajua mengi kuhusu sehemu ya chini na machache kuhusu sitaha, shetri (sehemu ya juu ya nyuma) na milingoti. Hata chini kwenyewe, mataruma ya katikati yaliyoungwa kwanza hayathibitishi kwamba ya omo (mbele) na tezi (nyuma) yalifanywa vivyo hivyo. Meli nyingi zilichanganya njia. Ukiona mfano wa meli nzima kwenye jumba la makumbusho, nusu ya juu imetokana na michoro, hesabu na makisio ya wajuzi.

Santo António ilichimbwa kati ya 1977 na 1980, kazi iliyoongozwa na mwanaakiolojia Robin Piercy kwa ushirikiano na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Vitu vilipandishwa, na unaweza kuviona ndani ya Fort Jesus. Tumbo halikupandishwa. Hata ndani ya matope kuna bakteria wachache wanaoweza kuishi karibu bila oksijeni, nao kwa mamia ya miaka hutafuna kuta za seli za mbao polepole. Umbo linabaki kwa sababu maji yamejaa mahali pa kilicholiwa, kama gunia linalosimama kwa sababu ya nafaka iliyomo. Likauke, gunia linaporomoka: ubao unajikunja, unapasuka, unasinyaa. Vasa ilinyunyiziwa dawa ya kushika nafasi ya maji hayo kwa miaka 17. Kwa hiyo pale Mombasa mbao zilipimwa, zikachorwa, zikapigwa picha, kisha zikafukiwa tena chini ya mchanga, na hewa ikafungiwa nje kama mwanzo.