Ndege "iliyopotea" vitani: hasara ina maana gani kwenye pwani ya Norwei

Ukisoma habari za Vita Kuu ya Pili ya Dunia huko Norwei, hukai muda kabla ya kukutana na maneno kama haya: "Siku hiyo Waingereza walipoteza ndege 8." Wengi wetu hapo hapo tunaona picha moja: ndege inawaka moto, inaporomoka, rubani ameshakufa. Mara nyingi ndivyo ilivyokuwa kweli. Lakini hiyo siyo maana ya neno lenyewe, na asiyelijua neno atazisoma vibaya takwimu zote za vita vya angani.

Hasara ya ndege, kwa lugha ya hesabu za jeshi, ni ndege ambayo wenyewe hawawezi tena kuitumia. Basi. Daftari haliulizi kwanza kama imelipuka, imezama au imekaa nzima mahali ambapo hawawezi kuifikia. Linauliza kama kesho asubuhi ndege hiyo itakuwa kwenye orodha ya zinazoweza kuruka. Kwa kipimo hicho, ndege iliyorudi kambini imetobolewa kama chekeche na mpiga bunduki wake amekufa kitini inaweza isihesabiwe kuwa hasara, maana mafundi wataiziba na itaruka tena. Na ndege iliyotua salama salimini mahali pasipofaa inaweza kufutwa moja kwa moja.

Kwa nini Norwei? Kwa sababu pwani ile imemeza ndege kwa kila njia unayoweza kuifikiria, na kila njia inafundisha upande mmoja wa neno hili. Magharibi yote ya nchi imechanwachanwa na fiodi. Fiodi ni hori la bahari lililoingia ndani sana ya bara, kwenye bonde lililochongwa na barafu ya kale, likiwa na milima iliyosimama wima pande zote mbili. Sognefjord, ndefu kuliko zote nchini humo, inaingia bara kiasi cha kilomita 200, na kina chake kinapita mita 1,300. Wajerumani waliivamia Norwei tarehe 9 Aprili 1940 na kukaa mpaka Mei 1945, na manowari zao, yaani meli za vita, zilijificha humo ndani, zikiegeshwa chini ya majabali. Kuzifikia, ndege kutoka Uskoti ilibidi kwanza ivuke bahari nzima, halafu iingie kwenye korido ya mawe isiyo na nafasi ya kugeukia, huku mizinga iliyopandishwa kwenye miteremko ikiisubiri. Ikipigwa, chini hakuna uwanda wa kutua. Kuna mlima, au maji ya baridi ambayo mtu hadumu nayo.

Tuanze na hasara ya kawaida kabisa kwenye madaftari, ile inayoandikwa kwa neno fupi: haikurudi. Tarehe 13 Juni 1940 ndege 15 za Uingereza aina ya Skua, za kudondosha mabomu, ziliruka kutoka Ark Royal, meli ya kubebea ndege, kwenda kuipiga manowari ya Kijerumani Scharnhorst iliyokuwa Trondheim. Nane hazikurudi. Bomu moja liliipata manowari, nalo halikulipuka. Ninapoisoma hesabu hiyo namfikiria mtu aliyebaki juu ya sitaha anahesabu zinazotua: moja, mbili, mpaka saba, kisha anaendelea kuangalia mbinguni mpaka saa ya mafuta kwisha ipite. Kwa dakika hiyo hajui kama walioko ndani wamekufa, wametekwa au wamefichwa na wavuvi. Anachojua ni kwamba mafuta hayawezi kuwa yamebaki. "Haikurudi" ni taarifa ya anayesubiri, na kweli ya kule walikokwenda huja baadaye, pengine baada ya miaka, pengine isije kabisa. Ndiyo maana Runnymede, karibu na London, kuna ukumbusho wenye majina ya zaidi ya wanahewa 20,000 wa upande wa Uingereza na Jumuiya ya Madola ambao hawana kaburi linalojulikana.

Aina ya pili watu huisahau: ndege iliyoharibiwa ikiwa chini. Aprili 1940 kikosi cha 263 cha Uingereza kilipeleka Gladiator 18, ndege za mabawa mawili mawili, zikatua juu ya ziwa Lesjaskogsvatnet lililoganda. Hapakuwa na kiwanja kingine. Asubuhi ya tarehe 25 mafundi wachache waliokuwepo walikuta kabureta zimeganda na usukani haugeuki. Wakahangaika kuziwasha kwenye baridi ile, na wakati wanahangaika ndege za Kijerumani zikafika na kuanza kupiga mabomu juu ya barafu. Chache zilifanikiwa kuruka na kupigana. Kufikia jioni nyingi zilikuwa zimeungua palepale zilipoegeshwa, na muda si muda kikosi hakikuwa na ndege hata moja ya kurukia. Anayehesabu ndege zilizotunguliwa angani siku ile atapata idadi ndogo na kudhani haikuwa siku mbaya. Daftari la hasara ndilo linalosema kweli.

Kikosi hichohicho kilipewa ndege mpya, kikarudishwa kaskazini eneo la Narvik, na huko ndiko kulikotokea hasara ambayo mimi huiona ya kuumiza kuliko zote. Juni 1940 Waingereza waliamua kuondoka Norwei. Marubani wa Hurricane, ndege za kivita za kikosi cha 46, waliambiwa waziharibu ndege zao. Walikataa kuziacha. Wakaomba wajaribu kutua juu ya meli ya ndege Glorious, ingawa Hurricane zao hazikuwa na ndoano ya kunasia waya za sitaha na wao wenyewe hawakufundishwa kutua melini. Zote zilizojaribu zikatua salama. Gladiator za kikosi cha 263 nazo zikatua. Kesho yake, tarehe 8 Juni, Scharnhorst na Gneisenau manowari mbili za Kijerumani, zikaikuta Glorious baharini na kuizamisha pamoja na meli mbili zilizoisindikiza. Walikufa watu zaidi ya 1,500. Katika marubani wa kikosi cha 46 waliokuwa melini walipona wawili tu, Kenneth Cross na Patrick Jameson. Ndege zile hazikupigwa hewani wala hazikuanguka. Zilipotea zikiwa mzigo, na zimo kwenye hasara za kampeni ya Norwei sawa na zilizotunguliwa.

Wajerumani nao walikuwa na mtindo wao, na inafaa kuujua kwa sababu takwimu nyingi za pwani hii zimetoka kwenye karatasi zao. Waliandika uharibifu kwa asilimia. Chini ya 10 ni mambo madogo, kikosi chenyewe kinayamaliza. Inavyopanda, kazi inazidi: kubadilisha injini, kubadilisha bawa zima. Ikifika 60 ndege inafutwa, ingawa vipuri vyake vinaweza kung'olewa vikatumike kwingine. Asilimia 100 ni iliyokwenda na maji au iliyoangukia kwa adui, isiyoweza kupatikana hata skrubu. Sasa angalia mtego uliopo. Mwandishi mmoja akihesabu zenye 100 peke yake, na mwingine akaanzia 60, watakupa idadi mbili za siku moja, na wote wawili wamesoma karatasi ileile.

Mtego mwingine ni kuchanganya hasara na madai. Dai ni kile rubani anachosema amekiangusha. Hasara ni kile mwenye ndege anachosema amekikosa. Katikati ya milima, kwa kasi ile, watu wawili huilenga ndege moja na kila mmoja anaamini ni yake. Injini iliyosukumwa ghafla hutoa moshi, na anayeifukuza husema inaungua. Ndege ikizama wingu akaipoteza, atasema imeanguka. Siwalaumu hata kidogo, walikuwa wanapigania roho zao. Ila idadi ya kuaminiwa hutafutwa kwenye daftari la aliyepoteza, na kwa pwani hii hutafutwa pia kwenye miili na vyuma vilivyookotwa.

Chukua Førdefjord, tarehe 9 Februari 1945, siku ambayo Washirika waliiita Ijumaa Nyeusi. Manowari ya Kijerumani Z33 ilikuwa imejibana karibu kabisa na ukuta wa mlima. Beaufighter zaidi ya 30, ndege za kushambulia meli, zilitoka Dallachy, Uskoti, zikiwa na Waingereza, Wakanada, Waaustralia na watu wa Nyuzilandi, zikisindikizwa na Mustang, ndege za kuwalinda. Namna manowari ilivyokaa iliwanyima kushambulia kwa pamoja, wakalazimika kushuka kwenye bonde jembamba wakifuatana, kila mmoja akipokea risasi zote kwa zamu yake. Wakati huohuo Focke-Wulf 190, ndege za kivita za Kijerumani, ziliruka kutoka kisiwa cha Herdla karibu na Bergen na kuwakuta humo humo ndani. Beaufighter 9 na Mustang 1 hazikurudi. Sita kati ya Beaufighter hizo zilikuwa za kikosi kimoja, kile cha 404 cha Kanada. Beaufighter hubeba watu wawili na Mustang mmoja, kwa hiyo zilizopotea zote kumi zilikuwa na watu 19. Waliokufa ni 14. Ndege zote kumi zimepotea kwa kiwango kilekile, watu siyo. Hapa ndipo pa kuwa makini: idadi ya ndege haikupi idadi ya misiba.

Jambo hilo linaonekana wazi zaidi kwenye Halifax, ndege kubwa ya mabomu ya Uingereza, yenye namba W1048. Usiku wa tarehe 27 Aprili 1942 ilikwenda na nyingine kuishambulia manowari ya Kijerumani Tirpitz kwenye Fættenfjord, jirani na Trondheim. Usiku huo huo Don Bennett, aliyekuja kuwa mkuu wa vikosi vya Uingereza vya kutangulia na kuzionyesha njia ndege za mabomu, alitunguliwa huko huko, akaruka na parachuti na kutembea mpaka Uswidi. W1048 ilipigwa, injini moja ya upande wa kulia ikashika moto, rubani akaona haitavuka milima. Akailaza kwa tumbo juu ya ziwa Hoklingen lililoganda. Watu saba walitoka wakiwa hai. Sita walifika Uswidi, wa saba alikuwa amevunjika kifundo cha mguu, akatekwa. Nyuma yao barafu ikayeyuka kwa joto la moto na ndege ikazama taratibu mpaka mita 27 chini.

Daftarini: hasara kamili. Mwaka 1973 wazamiaji waliipandisha, na baadaye ikapelekwa kwenye jumba la makumbusho ya jeshi la anga la Uingereza huko Hendon, London. Kwa sehemu kubwa hawakuipaka rangi mpya wala kuirudishia vilivyokosekana. Imelala pale na kutu yake, mabati yake yamekunjika. Kwenye hesabu za 1942 bado ni ndege iliyopotea.