Kariakoo: maana ya neno na vita vilivyolizaa

Anayeshuka daladala Kariakoo, Dar es Salaam, na anayepanda matatu ya Kariokor, Nairobi, wote wawili wanataja kikosi cha jeshi. Kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, yaani wabeba mizigo. Herufi mbili za mwisho hazitamkwi, kwa hiyo aliyelisikia akalisema "karia-koo" hakukosea sana. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam Septemba 1916, waliweka kambi ya wapagazi pale ambapo Wajerumani walikuwa wamejenga jengo la soko. Baadaye shughuli za soko zikashika eneo, ila jina la kambi halikuondoka.

Vita vyenyewe ni Vita vya Kwanza vya Dunia. Chanzo chake kilikuwa Ulaya: mauaji ya mrithi wa ufalme wa Austria-Hungaria mjini Sarajevo tarehe 28 Juni 1914, kisha mlolongo wa ahadi za kulindana baina ya mataifa, hadi Uingereza ikaingia vitani dhidi ya Ujerumani tarehe 4 Agosti. Huku kwetu magavana wa pande zote mbili hawakuwa na hamu ya kupigana, na Mkataba wa Berlin wa 1885 ulitoa nafasi kwa makoloni ya eneo hili kutoegemea upande wowote. Nafasi hiyo haikudumu hata wiki mbili. Tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza ilipiga mizinga mnara wa simu ya upepo wa Dar es Salaam. Tarehe 15 Wajerumani wakaiteka Taveta, mji wa mpakani upande wa Kenya ya leo. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, alijua hawezi kushinda. Alichotaka ni kuwashughulisha Waingereza huku, ili askari na meli zao zisipelekwe Ulaya. Hapo ndipo mpagazi anapoingia, kwa sababu adui anayekimbia bila kukoma lazima afuatwe, na anayemfuata lazima ale.

Ale kutoka wapi? Reli zilikuwa chache: ya Mombasa hadi Kisumu, ya Tanga hadi Moshi, na ya Kati, Dar es Salaam hadi Kigoma. Farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota walikufa kwa maelfu kwa ugonjwa wa mbung'o, na magari yalizama kwenye tope. Kilichobaki ni kichwa cha mtu.

Chukua hesabu rahisi. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama kilo 25, na mpagazi anakula karibu kilo moja ya unga kwa siku. Akienda mwendo wa siku 10 na kurudi siku 10, amekula kilo 20. Jeshi limepata kilo 5. Kikosi cha askari 1,000 wanaohitaji kilo moja kila mmoja kwa siku kinadai wapagazi 200 wafike kila siku, na kwa kuwa safari nzima ni siku 20, njiani lazima wawepo watu 4,000 muda wote. Hapo hujahesabu risasi, dawa, mahema wala masanduku ya maafisa. Kugawa njia kwa vituo, kila mpagazi akienda siku moja na kurudi, kulipunguza idadi kwa sababu hakuna aliyetembea na mzigo ulioliwa nusu. Lakini kila kituo kilihitaji ghala, walinzi na maji, na kimoja kikichelewa vyote vya mbele vinalala njaa.

Mwaka 1916 hesabu hiyo ilivumilika kidogo, maana mapigano yalifuata reli: Jenerali Jan Smuts, kamanda wa majeshi ya Waingereza, alishuka kutoka Kilimanjaro hadi Reli ya Kati, na Wabelgiji kutoka Kongo wakaichukua Tabora mwezi Septemba. Kusini ya hapo hapakuwa na reli. Smuts aliondoka Januari 1917 akisema kazi imekaribia kwisha. Mvua kubwa zikaja, Rufiji ikafurika, na vita vikahamia Kilwa, Lindi na Mahenge. Huo ndio mwaka uliomeza watu. Sheria ya 1915 ilikuwa tayari imeruhusu kuwachukua kwa nguvu, machifu wakipewa idadi ya kutimiza, na ujira ukashushwa hadi rupia 5 kwa mwezi.

Wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na tumbo. Unga wa mahindi uliotolewa ulikuwa mkavu, wa punje kubwa, na unahitaji kuchemka muda mrefu. Sasa mfikirie mtu aliyefika kambini jioni, amelowa, kuni mbichi, sufuria moja ya watu wengi: anakula uji mbichi. Chenga zile zinachubua utumbo, kuhara damu kunafuata, na aliyeanza kuhara hawezi tena kubeba kilo 25. Waliozoea ndizi au wali walidhoofika upesi zaidi. Watu wa Ushelisheli waliopelekwa Kilwa hawakufika 800. Ndani ya miezi michache zaidi ya 300 walikuwa wamekufa. Waliotoka nyanda za juu zenye baridi walikutana na malaria ya pwani wakiwa na blanketi moja.

Kwa upande wa Waingereza pekee walitumika wapagazi wapatao milioni moja, na waliokufa hukadiriwa kufikia 100,000 au zaidi. Kati ya hao waliokufa, zaidi ya 40,000 walitoka Kenya ya leo. Wajerumani nao walichukua watu na vyakula vya wenyeji bila daftari la kuaminika. Ugogoni, pande zote mbili zilikomba nafaka na mifugo, ukame ukaongezea, na njaa iliyofuata Wagogo wanaiita Mtunya.

Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma Novemba 1917, akazunguka Msumbiji, akasalimu amri Abercorn, yaani Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Kwenye sanamu za Nairobi, maandishi yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Mishahara ya waliokufa ni habari nyingine: majina yaliandikwa ovyo, vijiji vikakosewa, na sehemu kubwa ya fedha hizo haikuwafikia warithi.