Maji magumu ni nini, na yanafanya nini kwenye mabomba ya nyumba yako

Sabuni ya kipande inagoma kutoa povu. Birika la umeme limeota ukoko mweupe chini, na bomba la mvua linarusha maji ukutani kwa sababu nusu ya matundu yake yameziba. Aliyehamia Dodoma akitokea mji unaokunywa maji ya mto huanza kuilaumu sabuni, kisha humgeukia fundi bomba. Mara nyingi wote wawili hawana kosa. Maji ndiyo magumu.

Maji huitwa magumu yanapobeba kalsiamu na magnesiamu kwa wingi. Mvua haiji na madini hayo. Inapozama ardhini huchukua hewa ya ukaa iliyomo kwenye udongo, ikapata ukali kidogo wa asidi, na ukali huo ndio unaoyeyusha madini ya mwamba polepole. Kwa hiyo maji ya kisima kirefu kwa kawaida huwa magumu kuliko ya mto, na Dodoma kwa miaka mingi imeishi kwa visima vya Makutupora, kaskazini mwa mji. Iliteuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, Serikali ikaanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, na mwaka 2018 ikawa jiji. Nyumba mpya zimejaa Nzuguni, Iyumbu, Nala hadi Mtumba, nyingi zikiwa na hita na bomba la mvua kila chumba. Vifaa hivyo ndivyo maji magumu yanavyovipenda.

Ugumu hupimwa kwa miligramu za kalsiamu kaboneti, yaani chokaa, katika lita moja. Chini ya 60 ni maji laini. Yakizidi 180 ni magumu sana. Chukua maji ya miligramu 300: simtanki ya lita 1,000 inakuwa imebeba gramu 300 za chokaa, zaidi ya robo kilo, na ukichungulia ndani unaona maji maangavu kabisa.

Ugumu si uchafu. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya cha ugumu katika maji ya kunywa. Wala si chumvi, ingawa mtaani vyote huitwa "maji ya chumvi" na kisima kimoja kinaweza kuwa navyo vyote viwili. Tena si ile floraidi inayobadilisha rangi ya meno kwa watu wa Arusha. Maji yenye floraidi nyingi mara nyingi huwa na kalsiamu kidogo.

Kwenye mabomba, kinachoamsha matatizo ni moto. Sehemu ya ugumu imo katika hali ya baikaboneti, na ikipashwa hugeuka chokaa ngumu inayoganda hapohapo joto lilipo. Koili ya hita huvikwa chokaa, joto likashindwa kutoka kwenda kwenye maji, umeme ukaliwa zaidi, na mwisho koili inaungua. Sehemu nyingine, ya salfeti na kloridi, haiondoki kwa kuchemsha. Hiyo ndiyo sababu unaweza kuchemsha maji na bado sabuni ikagoma.

Kwa hiyo mazungumzo na fundi yafanyike kabla plasta haijapigwa. Mwambie aweke koki ya kufungia na yunioni (kiungo cha bomba kinachofunguka) pande zote mbili za hita, ili ifunguliwe na kusafishwa bila kukata bomba. Hita isifichwe mahali pasipofikika kwa ngazi. Hita ya tangi haihitaji kuchemsha: nyuzi 60 zinatosha, na kadiri joto linavyopanda ndivyo chokaa inavyoganda zaidi. Hita za papo kwa papo huuzwa pia za maji ya chumvi, kwa kuwa maji hayo hupitisha umeme zaidi. Ukinunua isiyofaa unaweza kupigwa shoti bafuni, na hapo hakuna cha kubana matumizi.

Bomba la mvua lililoziba halihitaji kutupwa. Lifungue, lilaze kwenye siki usiku kucha. Asidi itakula chokaa na utaona vipovu vikitoka. Usichanganye siki na jiki hata kidogo, mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini yenye sumu.

Dawa ya nyumba nzima ni mtambo wa kulainisha maji. Ndani yake mna punje za resini zinazonasa kalsiamu na magnesiamu na kuachia sodiamu mahali pake. Zikishiba, husuuzwa kwa maji ya chumvi ya kawaida na kuanza upya, kwa hiyo gunia la chumvi linakuwa sehemu ya bajeti yako. Mtambo huu hauondoi chumvi iliyomo majini. Vile visumaku vinavyofungwa juu ya bomba, mimi nisingevitolea fedha mpaka muuzaji aje na vipimo vya kueleweka.

Ukiufunga mtambo, bomba la bustani na lile la maji ya kunywa jikoni yatokee kabla yake. Mimea haipendi sodiamu, na aliyeshauriwa na daktari kupunguza chumvi hana haja ya kuiongeza kwenye glasi.