Je, wajua kwa nini kiduha hufa palipo na desmodiamu?

Kiduha ni gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama. Likipandiwa desmodiamu kati ya mistari ya mahindi, hupungua msimu baada ya msimu. Wengi husema sababu ni kivuli: desmodiamu hutambaa, hufunika udongo, gugu hukosa jua. Wengine husema ni naitrojeni, kwa kuwa desmodiamu ni jamii ya mikunde inayoongeza naitrojeni udongoni, na kiduha hushamiri kwenye udongo uliochoka.

Maelezo hayo yana ukweli, ila hayatoshi. Kama kazi ingekuwa ya naitrojeni, kunde zingeifanya vilevile, na hazifikii. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, huko Mbita kando ya Ziwa Victoria, walijaribu kivuli peke yake na mbolea peke yake. Kila kimoja kilisaidia kidogo tu. Kisha wakamwagilia mahindi ya kwenye vyungu kwa maji yaliyopita kwanza kwenye mizizi ya desmodiamu. Hapakuwa na kivuli, wala mimea haikugusana, lakini kiduha kilidhoofika. Siri iko ndani ya maji hayo.

Mbegu ya kiduha ni ndogo kama vumbi na huweza kulala ardhini miaka mingi. Haioti mpaka ihisi kemikali za mzizi ulio karibu. Ikishaota, akiba yake ya chakula ni ya siku chache, na kimzizi chake lazima kifike kwenye mzizi wa mahindi na kujishikiza. Ni kama mgeni aliyeitwa karamuni: amefunga safari na masurufu ya kwenda tu, akafika akakuta mlango umekomewa. Desmodiamu ndiyo inayoita na ndiyo inayokomea. Baadhi ya kemikali za mizizi yake huamsha mbegu, nyingine huzuia kimzizi kisikue. Mbegu huota na kufa, hivyo akiba ya mbegu udongoni hupungua. Kivuli hakiwezi hilo.

La ajabu ni kwamba desmodiamu haikupelekwa shambani kwa ajili ya kiduha. Majaribio katika mashamba ya wakulima yalianza 1997, magharibi mwa Kenya, yakilenga funza wa mabua, yaani viwavi wa nondo wanaotoboa mashina ya mahindi. Mfumo huo huitwa vuta-sukuma: desmodiamu husukuma nondo watoke kwenye mahindi, nayo matete (nyasi za tembo) ya kuzunguka shamba huwavuta watage huko, na funza wengi hufa wakijaribu kutoboa shina kwa sababu ya utomvu unaonata. Kwa maeneo ya ukame, mfumo ulibadilishwa: nyasi za malisho za brakiaria aina ya Mulato II badala ya matete, na desmodiamu ya majani ya kijani badala ya ile ya majani ya fedha. Viwavijeshi vamizi walipoingia, wakulima wenyewe ndio waliosema mashamba ya aina hiyo yameshambuliwa kidogo. Vipimo vya watafiti vikawaunga mkono.

Kuhusu kusukuma, tahadhari inahitajika. Kwa miaka mingi imeelezwa kwamba harufu ya desmodiamu hufukuza nondo. Utafiti wa karibuni umekuta harufu hiyo ni hafifu sana shambani, na kwamba vinyweleo vyenye ndoano kwenye majani na mashina hunasa viwavi na kuwaua. Mjadala haujaisha.

Kwa anayeanza: panda matete mistari mitatu kuzunguka shamba, sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 50 kati ya mashina, yatangulie mahindi. Mistari ya mahindi iachane sentimita 75. Mbegu za desmodiamu, takriban kilo 1 kwa ekari, changanya na mchanga laini, miminia katikati ya mistari kwenye mfereji wa sentimita 1 hadi 2, mvua zinapoanza. Ukizifukia zaidi hazitatokeza. Hukua polepole mwanzoni, na wengi huzilima kwa jembe wakidhani ni magugu. Palilia kwa mkono wiki ya 3 na ya 5. Msimu wa kwanza usitarajie makubwa. Baada ya mavuno usilime kati ya mistari wala kuachia ng'ombe shambani. Kata majani uwapelekee zizini, ukibakiza visiki vichipue.