Kadi mkononi haitoshi

Vijiwe vingi vya bodaboda Arusha, kuanzia Sakina hadi Njiro, watu wanaamini kwamba ukishamlipa muuzaji, ukapewa kadi ya usajili na karatasi ya makubaliano yenye mhuri wa mwenyekiti wa mtaa, pikipiki ni yako. Hilo halitoshi. Anayehesabiwa kuwa mmiliki, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ni yule ambaye jina lake liko kwenye kumbukumbu za Mamlaka ya Mapato (TRA), na kadi yenye jina la mtu mwingine inamtaja huyo mtu mwingine, hata ukiilalia chini ya mto.

Anayenunua huona hatari yake haraka: muuzaji akifariki, ndugu zake wanaweza kuidai. Lakini muuzaji naye, ambaye wengi hawamfikirii, yuko pabaya. Pikipiki hiyo ikigonga mtu au ikitumika kwenye uporaji, polisi wataanza na jina lililosajiliwa. Ndugu yangu, usiiache iondoke hivyo.

Andikishaneni mkataba wa mauziano mbele ya wakili, kila mmoja awe na namba ya mlipakodi (TIN) na kitambulisho cha taifa (NIDA), kisha ombeni TRA wahamishe umiliki na mlipe ada na ushuru wa stempu. Kabla ya hapo, linganisha namba ya chesesi na ya injini na zile za kwenye kadi, na uangalie kama kuna faini za trafiki zinazodaiwa.

Kwa vijana wa mkataba, wanaopeleka hesabu, yaani fedha waliyokubaliana, kwa bosi mpaka chombo kiwe chao: tarehe ya kuhamisha jina iandikwe siku ya kwanza kabisa.