Gurudumu la tano: maana yake, na namna ya kulichagua kwa ajili ya pikapu

Gurudumu la tano ni sahani nzito ya chuma, iliyokatwa mdomo upande wa nyuma na kuwekewa taya ndani yake, ambayo hufungwa mgongoni mwa gari linalovuta ili ipokee na kuibana pini iliyo chini ya kichwa cha tela. Mtu akisimama Makambako au Tunduma na kutazama hosi, yaani kichwa cha lori, iliyoachana na tela lake, ataiona sahani hiyo nyuma ya kabini, nyeusi kwa girisi. Pini inayoingia humo mafundi huiita kingpini.

Jina lenyewe ni la zamani kuliko magari. Mikokoteni ya farasi ya magurudumu manne ilikuwa na duara la chuma lililolazwa juu ya ekseli ya mbele, ili ekseli iweze kugeuka huku mzigo ukiwa umetulia juu yake, na kwa kuwa lilikuwa duara kama yale manne mengine, ingawa halikugusa ardhi, likahesabiwa kuwa la tano. Mwaka 1914 mhunzi August Fruehauf wa Detroit, Marekani, alitengeneza tela la kubebea mashua lililovutwa na gari la Ford, na kutoka kwenye kazi za namna hiyo yakaja matela ya semi tunayoyajua leo. Sahani ya leo si duara kamili, lakini jina limebaki.

Kinachoitofautisha sahani hii na ndoano au tufe la chuma linalofungwa chini ya bampa ni mahali uzito unapotua. Tufe la nyuma hubeba kwa kawaida asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela, na hulibeba nyuma ya ekseli, hivyo husukuma mkia wa gari chini na kuinyanyua pua. Gurudumu la tano hubeba zaidi, kati ya asilimia 15 na 25, lakini hulibeba juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo, na kwa sababu hiyo tela halichezi huku na huku kwa urahisi linapopigwa na upepo au linapopitwa na basi. Faida hiyo ni kubwa, nami naithamini kwa dhati; ila mnunuzi asipoielewa gharama yake, atanunua kifaa imara kabisa na kukifunga kwenye gari lisilokiweza.

Namba iliyogongwa kwenye sahani, kwa mfano tani 7 au tani 10, ni uwezo wa sahani peke yake. Haisemi lolote kuhusu springi, ekseli wala breki za pikapu, kwa hiyo hesabu ianzie kwenye gari. Tuchukue pikapu yenye uwezo wa kubeba takriban kilo 1,000, kama zilivyo nyingi zinazotumika katika Nyanda hizi za Juu Kusini mwa Tanzania, na tela ambalo likiwa na mzigo lina kilo 3,500. Asilimia 20 ya uzito huo ni kilo 700, nazo zote zinakaa mgongoni mwa pikapu. Ongeza sahani na vyuma vyake, tuseme kilo 80, kisha dereva na abiria wawili, kilo 210. Jumla ni 990. Zimebaki kilo 10, ambazo hazitoshi hata spea ya tairi na jeki. Na kama viazi vya Uporoto vimerundikwa upande wa mbele wa tela hadi kichwa chake kikafikia asilimia 25, uzito huo pekee ni kilo 875, na jumla inakuwa 1,165: gari limezidiwa kabla halijatoka shambani, ingawa sahani, hata ile ya tani 7, bado haijavuka nusu ya uwezo wake. Ndiyo maana naona ni busara kulipima tela lenye mzigo, hasa uzito wa kichwa chake, kwenye mizani ya ghala kabla ya kununua chochote, badala ya kukadiria kwa macho.

Baada ya uzito huja umbali kati ya sahani na kabini, jambo ambalo wengi hulisahau. Tela lenye upana wa mita 2.4 lina nusu ya upana ya mita 1.2 kutoka kwenye pini hadi ubavuni, kwa hiyo gari likikata kona hadi tela likawa limekaa mraba nalo, ubavu wa tela utahitaji mita 1.2 na zaidi nyuma ya kabini. Pikapu ya kabini mbili ina bodi fupi, na mara nyingi ekseli yake iko karibu mno. Ikiwa sahani imekaa sentimita 90 kutoka kwenye kabini, pembe ya tela itavunja kioo cha nyuma siku dereva atakapogeuza kwenye njia nyembamba. Tiba ya kuisogeza sahani nyuma ya ekseli ni mbaya kuliko ugonjwa, kwa sababu magurudumu ya mbele hupungukiwa uzito na usukani huwa mwepesi. Inayofaa ni sahani ya kuteleza, ambayo hurudishwa nyuma kwa kona kali na kufungwa tena mahali pake kabla ya kuingia barabarani, au tela lenye pua iliyochongwa, au, iliyo bora zaidi, pikapu ya kabini moja yenye bodi ndefu.

Hapa kwetu kuna kishawishi cha pekee. Barabara ya TANZAM, itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia, hupitisha malori mengi, na vipuri vyake vilivyotumika hupatikana. Pini ya kawaida ya semi ina kipenyo cha inchi 2, sawa na ya matela mengi ya kuvutwa na pikapu, hivyo sahani ya lori kuukuu itaipokea pini bila tatizo, na mtu hufikiri amepata kitu imara kwa bei nafuu. Lakini sahani ya lori pekee huzidi kilo 100, na kila kilo yake inaondolewa kwenye uwezo mdogo wa pikapu. Kibaya zaidi ni kuichomelea kwenye sakafu ya bodi, ambayo ni bati tu. Sahani hufungwa kwa boliti kwenye reli za chuma, nazo reli zishikwe na chasisi, kwa boliti vilevile, kwa kuwa joto la kuchomelea hudhoofisha chuma cha chasisi pale pale panapobeba.

Kuhusu kichwa cha sahani, ziko zinazoinama mbele na nyuma tu, na ziko zinazoinama pia kulia na kushoto. Kwa anayetembea lami pekee, aina ya kwanza inatosha. Kwa anayeingia mashamba ya kahawa ya Mbozi au misitu ya Mufindi, ambako gurudumu moja linaweza kuwa shimoni na jingine juu ya tuta, aina ya pili ni ya lazima, maana ile ya kwanza itahamishia msokoto wote kwenye chasisi. Taya zinazoikumbatia pini pande zote mbili hupunguza mgongano na kelele kuliko zile za komeo moja.

Mwinuko nao una sauti yake. Injini ya dizeli isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda, na Mbeya mjini iko kwenye mita 1,700 hivi. Kushuka mlima wa Kitonga ni jambo zito zaidi: tela la namna hii liwe na breki zake zinazotawaliwa kutoka kwenye kabini, pamoja na waya wa dharura unaozikamata likichomoka, kwa sababu breki za pikapu zitachemka.

Hatari inayotisha kuliko zote ni pini kukaa juu ya taya badala ya kuingia ndani yake, huku kwa mbali ikionekana imefungwa. Dereva ashuke, ainame na tochi, aone kwamba hakuna mwanga unaopita kati ya sahani na kichwa cha tela na kwamba komeo limerudi mahali pake. Kisha, miguu ya tela ikiwa bado chini na breki zake zimekamata, avute mbele kidogo kwa gia ya kwanza. Pini yenyewe ipimwe kwa kalipa: ikiwa mpya ina milimita 50.8, na ikishalika hadi 49 hubadilishwa.